Tela la Huyu, Trekta la Yule

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tumepokea barua ya mkulima mmoja wa mahindi, barua fupi ya ukurasa mmoja, lakini majibu yake yatatupeleka mbali kidogo, mpaka Ulaya na Marekani, kisha yaturudishe Kongwa.

Anaeleza hivi. Yeye na wenzake wanne walichanga fedha wakanunua tela kwenye mnada. Ni tela la tairi mbili, rangi yake ya kijani imefifia, lakini bodi ni nzima na ekseli ni nzima. Walipolifikisha nyumbani wakakuta mambo matatu. Kwanza, pete iliyoko kwenye ncha ya mkono wa tela ni kubwa, tundu lake kama inchi 3 hivi, na pini ya trekta lao inacheza ndani yake kama mchi kwenye kinu. Pili, plagi ya taa ni ngeni kwao: ni nene, ya chuma, ya pini 12, wakati soketi ya trekta ni ya pini 7. Tatu, fundi wao alipoikata plagi hiyo ili aunge waya kwa waya, alikuta nyaya zote ni nyeusi, hakuna rangi ya kumwongoza, ila vibati vidogo vyenye namba. Akaunga kwa kubahatisha. Basi wakiwasha, taa za nyuma zinatoa mwanga mwekundu hafifu kama kaa linalokufa jikoni. Wakikanyaga breki, inawaka ya kushoto peke yake. Mwenzetu anauliza: "Je, tumeuziwa tela bovu?"

Hapana, ndugu yetu. Tela lenu si bovu, ila limezaliwa katika ukoo mwingine. Kila chombo kinachovuta na kila chombo kinachovutwa kina ukoo wake, na koo hizi zimegombana kwa muda mrefu. Ugomvi wenyewe hatukuuanzisha sisi, lakini ndio unaotukuta shambani tukiwa na spana mkononi na mahindi yanasubiri.

Zamani za maksai shida hii haikuwapo, au ilikuwa ndogo sana. Kulikuwa na nira, mnyororo na pete. Mnyororo haujali ng'ombe ni wa nani. Ukiwa mrefu unaukunja, ukiwa mfupi unaongeza pingili, na mhunzi yeyote wa kijijini anaweza kuutengeneza. Matrekta ya kwanza nayo yalifanywa yavute kama maksai. Nyuma yake kulikuwa na bapa la chuma lenye matundu, ambalo mafundi wanaliita drobaa. Unapitisha pini, unafunga mkono wa plau au wa gari la kukokota, unakwenda.

Lakini trekta lina jambo ambalo ng'ombe hana. Ng'ombe akishindwa kuvuta husimama. Trekta likishindwa, injini yake haijui kwamba imeshindwa. Mwaka 1917 Henry Ford wa Marekani alianza kutoa trekta dogo la bei nafuu lililoitwa Fordson. Lilienea haraka, na haraka vile vile likajulikana kwa tabia moja mbaya. Plau ikinasa kwenye kisiki au jiwe, na magurudumu ya nyuma yakawa yameshika ardhi barabara, basi mwili wa trekta ulizunguka juu ya ekseli yake mwenyewe. Pua inapanda juu, na kabla dereva hajakanyaga klachi, trekta limeshageuka chali na kumlalia. Wengi walikufa namna hiyo. Mahali unapofunga mzigo ndipo panapoamua. Ukifunga chini ya usawa wa ekseli ya nyuma, mzigo unaivuta pua ya trekta ishuke. Ukifunga juu ya usawa huo, mzigo unaiinua. Tafadhali likumbukeni hilo, maana tutalirudia.

Mwaka huo huo wa 1917, fundi mmoja wa Ireland, mtoto wa mkulima, jina lake Harry Ferguson, alipewa kazi na bodi ya kilimo ya nchi hiyo. Alitakiwa azunguke mashambani kutazama matrekta yanavyolima na kuwaonyesha watu njia bora. Alikwenda pamoja na mwenzake William Sands. Walichokiona ni trekta zito linalokokota plau nzito, kila kimoja na magurudumu yake, viwili hivyo vikigombana shambani. Ferguson akasema kwamba trekta na plau viwe kitu kimoja. Ilimchukua miaka mingi. Mwaka 1926 alipata Uingereza hati ya kulinda ubunifu wake, na kilichotoka mwisho wake ni ile mikono mitatu mnayoiona leo nyuma ya karibu kila trekta: miwili chini, mmoja juu, na haidroliki ya kuinua. Ule mkono wa juu si pambo. Plau ikikwama, mkono huo unasukuma mbele na kuikandamiza pua ya trekta chini. Kile kilichokuwa kinaua dereva wa Fordson sasa kilikuwa kinamlinda.

Oktoba 1938 Ferguson alikwenda Marekani akamwonyesha Ford trekta lake. Wakapeana mikono, bila karatasi, bila wakili. Mwaka 1939 likatoka trekta la Ford lenye mikono ya Ferguson, na yaliuzwa zaidi ya laki tatu. Baadaye mjukuu wa Ford akavunja yale mapatano, akaendelea kutengeneza trekta lenye mikono ile ile. Ferguson akafungua kesi mwaka 1948 akidai dola milioni 251. Mwaka 1952 wakamalizana kwa dola milioni 9 na robo. Mimi huwa nasema, kupeana mikono ni heshima, lakini trekta linataka karatasi.

Sasa kwa nini ninawasimulia kesi ya matajiri? Kwa sababu kesi hiyo ndiyo iliyowagawa wakulima wa dunia. Viwanda vingine viliogopa kuigusa mikono mitatu ya Ferguson. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, International Harvester walitoa kiungo chao cha mikono miwili, na Allis-Chalmers wakatoa chao. Ukinunua trekta la huyu, lazima ununue na plau ya huyu. Msidhani hilo liliwachukiza wenye viwanda. Ferguson mwenyewe alipenda trekta lake livute vyombo vyake tu. Mkulima aliyenunua trekta alikuwa amefungwa kwa pini, kama ng'ombe anavyofungwa kwa nira.

Amani ilikuja mwaka 1959, wakati wahandisi wa kilimo wa Marekani walipokubaliana juu ya vipimo vya mikono mitatu na kuvipanga kwa madaraja. Daraja la kwanza, kwa matrekta madogo, pini za mikono ya chini zina unene wa milimita 22. Daraja la pili, milimita 28. La tatu, karibu milimita 37. Baadaye Shirika la Kimataifa la Viwango likaufanya mpango huo kuwa wa dunia. Ndiyo maana leo plau iliyotengenezwa India unaweza kuifunga kwenye trekta la Uingereza. Pini ikipwaya, tatizo ni la daraja, na bushi ya shilingi chache inalimaliza.

Ila amani hiyo ilikuwa ya plau. Tela lilibaki nje.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1947, wakati Ulaya ina njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga hapa Tanganyika, na kituo cha kwanza kikawa Kongwa. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 kwa miaka 6. Kiwanda cha kuwapa matrekta mapya mengi kiasi hicho hakikuwapo duniani. Basi wakakusanya yaliyopatikana. Mengi yalitoka Ufilipino, mabaki ya jeshi la Marekani, yamekaa kwenye mvua tangu vita iishe. Mengine yalikuwa vifaru hasa, vifaru aina ya Sherman vilivyoondolewa bunduki na mizinga vikageuzwa matrekta na kampuni ya Vickers ya Uingereza. Yakaitwa Shervick, nusu jina la kifaru na nusu jina la kiwanda.

Kongwa walishindwa kwa sababu nyingi. Mvua haikutosha, udongo wakati wa kiangazi uligeuka kama saruji na kusaga majembe, mizizi ya vichaka ilivunja visu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zilikuwa zimeteketea kama pauni milioni 36. Lakini mtu wa karakana akiisoma habari hiyo anaona jambo lingine pia: mashine za koo nyingi katika uwanja mmoja, kila moja na spea zake, kila moja na kipimo chake, hiki bolti ya inchi na hiki ya milimita. Na hatukuishia hapo. Baada ya uhuru yalikuja matrekta ya mikopo na ya misaada, Massey Ferguson na Ford, Fiat ya Italia, Valmet ya Finland. Hayo Valmet yaliunganishwa Kibaha katika miaka ya 1980, na miongo mitatu baadaye yakaunganishwa Kibaha hiyo hiyo matrekta ya Ursus kutoka Poland. Kila msaada ulikuja na pini yake. Trekta lilipokufa, tela lilibaki, maana tela halina injini ya kufa. Likafungwa nyuma ya trekta jipya la ukoo mwingine. Ndivyo ilivyo mpaka leo katika vijiji vingi.

Wa kwanza kuchoka na vurugu hii hawakuwa wakulima. Walikuwa wanajeshi. Katika Vita Kuu ya Pili, malori ya Marekani yalikuwa na ndoano nene yenye taya linalofunga juu yake, na matela yao yalikuwa na pete ya inchi 3, yaani milimita 76. Pete kubwa namna hiyo inaweza kupinda kila upande kwenye njia mbovu bila kuvunja kitu. Vita ilipokwisha, na nchi za Magharibi zilipounda jumuiya yao ya kijeshi ya NATO mwaka 1949, ziliona kwamba lori la Mwingereza huenda likalazimika kuvuta tela la Mfaransa, usiku, kwenye tope, bila muda wa kumtafuta fundi. Wakakubaliana: pete moja, umeme wa volti 24, plagi moja ya pini 12. Nyaya za magari ya kijeshi ya Marekani ni nyeusi zote, na kila waya una kibati cha namba. Kwa mfano, waya namba 90 ni wa ethi. Taa zao ni seti mbili: za kawaida, na nyingine ndogo za kujificha adui asiwaone kutoka angani.

Ndugu mwandishi wa barua, nadhani sasa umeshalitambua tela lako. Rangi ya kijani, pete ya inchi 3, plagi ya pini 12, nyaya nyeusi zenye namba. Hilo ni tela la jeshi, au limetengenezwa kwa mfano wa jeshi. Taa zake zina balbu za volti 24 na trekta lako lina betri ya volti 12. Balbu ikipata nusu ya umeme wake haitoi nusu ya mwanga. Inatoa mwanga kidogo sana, ndilo hilo kaa lako la jikoni. Na ile taa ya kushoto kuwaka peke yake ukikanyaga breki? Hiyo nayo ni habari ya ukoo. Kwa desturi ya Kimarekani, taa moja nyekundu hufanya kazi mbili, ya breki na ya indiketa. Kwa hiyo hakuna waya wa breki peke yake. Kuna waya wa kushoto na waya wa kulia, na gari lenyewe ndilo linaloamua. Kwa desturi ya Ulaya, ambayo trekta lako linaifuata, breki ina waya wake mmoja kwa taa zote mbili, na indiketa ni taa nyingine, ya rangi ya chungwa. Fundi wako aliushika waya wa breki wa trekta akaufunga kwenye waya wa kushoto wa tela. Taa ilifanya kile ilichoambiwa.

Upande wa raia ulikubaliana pia, lakini polepole na si wote. Ulaya walichagua plagi ya pini 7, na ndiyo iliyoenea kwetu. Ukikuta imefungwa kwa utaratibu wake, waya wa njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, mweupe ni ethi, mwekundu ni breki, mweusi ni taa ya nyuma kushoto, kahawia ni taa ya nyuma kulia, na bluu ni taa ya ukungu. Malori makubwa nayo yana plagi ya pini 7, lakini yao ni ya volti 24, na imefanywa makusudi isiingiliane na ile ya volti 12. Kwa magari madogo Ulaya walichagua tufe la chuma la milimita 50. Marekani wana la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8, na jingine dogo la inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6. Hapo pana hatari. Kikombe cha inchi 2 ukikiweka juu ya tufe la inchi 1 na 7/8 kinakaa, tena kinakaa vizuri, unaweza kukifunga na kuondoka. Mpaka tuta la kwanza. Tufe huwa limechapwa kipimo chake juu. Ukiona limechakaa mpaka maandishi hayasomeki, litoe, usilivutie kitu.

Niwaambie kwa nini naingia ndani hivi. Mwaka 1985 nilikuwa fundi msaidizi katika karakana ya shamba moja. Tulikuwa na tela la tani tatu ambalo taa zake zilikufa siku nyingi, na trekta letu halikuwa na soketi nyuma. Wakati wa mavuno tulifanya kama wote walivyofanya: kijana anapanda juu ya magunia akiwa na tochi, anakaa nyuma, na gari likija anaimulika barabara. Usiku mmoja kijana wetu, ambaye alikuwa amepakia magunia tangu alfajiri, alisinzia. Lori lilikuja nyuma yetu likiwa na taa zake nzuri kabisa. Dereva wake alisema baadaye kwamba aliliona tela likiwa karibu mita 20 mbele. Alikanyaga breki, lakini lori lililojaa mzigo halisimami ndani ya mita 20. Kijana yule aliishi, ila mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Tulipolitazama tela asubuhi, tukakuta nyaya zake zilikuwa nzima karibu zote. Kilichokuwa kimeoza ni waya wa ethi, kipande cha mkono mmoja. Nilikuwa nimekipita kila siku kwa miezi minane.

Huo waya wa ethi ndugu zangu ndio unaodharauliwa kuliko zote. Umeme unaokwenda kwenye taa lazima urudi kwenye betri. Mafundi wengi huuacha urudi kwa kupitia chuma, kutoka bodi ya tela, kwenye pete, kwenye pini, mpaka kwenye trekta. Mchana mnapojaribu karakanani unarudi vizuri. Barabarani pete inarukaruka, imejaa grisi na kutu, na kila ikiruka taa zinazima. Umeme ukikosa njia yake unatafuta nyingine kupitia balbu za jirani, ndipo unaona maajabu: unawasha indiketa, taa zote zinamemeta, unakanyaga breki, taa za nyuma zinafifia. Mtu anasema tela lina mashetani. Halina mashetani, halina ethi. Vuta waya mnene kutoka bodi ya tela mpaka kwenye plagi, pini namba 3, usiitegemee pete.

Na wale wenye matrekta ya zamani, mathalani Ferguson wa kijivu au Massey Ferguson 35, nanyi mna lenu. Katika mitambo mingi ya Kiingereza ya zama hizo, upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha siku hizi. Land Rover nazo zilikuwa hivyo mpaka mwaka 1967. Balbu za kawaida hazijali umeme unaingia upande gani. Lakini taa za LED zinazouzwa sasa madukani zinajali. Ukizifunga kwenye trekta la namna hiyo haziwaki, au zinaungua, na muuzaji atakuambia umeziharibu mwenyewe. Tazama kwanza ni waya upi wa betri umefungwa kwenye chuma.

Haya, sasa turudi kwenye tela la barua. Ningekuwa mimi, nisingehangaika kuzifanya zile taa za jeshi ziwake. Ng'oa nyaya zote nyeusi. Usizitupe taa, wapo wenye magari ya namna hiyo watakaozinunua. Funga seti mpya ya volti 12: kila upande taa nyekundu ya nyuma na breki, na indiketa yake ya chungwa, kisha plagi ya pini 7, nyaya saba zenye rangi ndani ya bomba la plastiki, na ethi yake. Acha ulegevu wa kutosha pale kwenye kona, maana trekta hukata kona kali kuliko lori na litaukata waya ulionyooka. Kisha bandika vibandiko vya kuakisi mwanga, vyekundu nyuma, vyeupe mbele, na vya chungwa ubavuni. Taa inaweza kuzima njiani. Kibandiko hakina fyuzi.

Pete nayo isikudanganye. Usimruhusu mtu ajaze tundu lake kwa kulehemu ili libane pini. Pete hiyo ni ya chuma cha kufuliwa, na moto wa kulehemu unakiharibu ugumu wake. Itakatika siku usiyoitazamia, na haitakatika shambani, itakatika mlimani. Kama mkono wa tela umefungwa pete kwa bolti, nunua pete ya milimita 40 au 50 inayolingana na pini ya trekta lako, uibadilishe. Kama ni ya kulehemiwa moja kwa moja, mtafute fundi wa matela, siyo wa madirisha. Weka na mnyororo wa akiba kutoka tela mpaka trekta, ili pete ikishindwa tela lisiende peke yake.

Na pale pa kufunga, kumbukeni Fordson. Wengi wetu tunalo lile bapa la matundu linalokaa kati ya mikono miwili ya chini, tunafunga tela hapo kwa sababu ni rahisi. Dereva akigusa haidroliki, bapa linapanda pamoja na pete, mpaka juu ya usawa wa ekseli, na tela la tani tatu likiwa mlimani litaigeuza trekta kwa nyuma. Kama huna drobaa nyingine, ufunge mikono kwa vyuma vyake vya kuizuia isipande. Ferguson alitoa ndoano yake ya tela iliyokaa chini ya ekseli, na ekseli ya tela akaisogeza nyuma ili sehemu ya mzigo ikae juu ya magurudumu ya trekta na kuyapa nguvu ya kushika. Pakieni hivyo hivyo: magunia yaanzie mbele, siyo nyuma.

Jambo moja barua yako haikulisema, nalo linanisumbua kidogo. Matela ya jeshi ya ukubwa huo mara nyingi yana breki zake, zinazotegemea upepo kutoka kwenye lori. Trekta lako huenda halina upepo huo. Kama ndivyo, tela lako halina breki, hata kama vifaa vyake vipo vyote. Basi usilipakie kama jeshi lilivyolipakia, na mlima ushuke kwa gia ya chini tangu mwanzo, siyo katikati.

Ukishamaliza, ngoja giza liingie. Mwenzako mmoja akae kwenye trekta, wewe tembea nyuma ya tela mpaka hatua 100 barabarani. Mwambie awashe, akanyage breki, apige indiketa ya kushoto, kisha ya kulia. Halafu aliwashe trekta liende taratibu juu ya mashimo, nawe utazame tena, maana taa inayowaka likiwa limesimama bado haijajaribiwa. Tuandikie utuambie uliona nini, na ile namba iliyochapwa kwenye kibati cha bodi, kama bado inasomeka, iandike pia.

Juma lijalo, wakati kama huu, tutakuwa na habari za kuhifadhi mahindi ghalani. Kwaherini.